Jumamosi za Nyumba Iliyokaa Kando

Wiki chache baada ya kumzika mtoto mchanga wa kaka yangu, niligundua kwamba dada wa marehemu, msichana wa darasa la kwanza, ameacha kugusa watu.

Nyumbani nisingegundua. Siku zile nyumbani kila mtu alikaa na lake. Niligundua barabarani, tukishuka kutoka Endagikot kwenda Mbulu mjini, mimi na yeye na mdogo wake wa kiume wa miaka minne. Lilikuja lori la mchanga nikamwambia amshike mdogo wake mkono. Akaingiza viganja ndani ya mikono ya sweta, akapita nyuma ya mtoto, akamsukumia pembeni kwa tumbo lake. Nikadhani anacheza. Lori likapita, vumbi likatulia.

"Mshike basi tuvuke."

"Shangazi, mshike wewe."

"Mikono yako ina nini?"

"Haina kitu. Bibi alisema tusishike watu."

"Bibi alisema watu wa nje. Huyu ni mdogo wako."

"Na yule alikuwa mdogo wangu," akasema. "Nilikuwa namshika. Nilimbeba mgongoni."

Alisema kama anayejibu swali la mwalimu, bila kulia, akiwa anaangalia upande wa pili wa barabara. Nikamshika mdogo wake, tukavuka. Nilichukua shahada yangu Dodoma na nimezoea kuwa na la kusema, lakini siku ile, hadi tunafika sokoni, nilizungumzia bei ya viazi tu. Nilijua tu kwamba mtoto huyu anaamini ameua, na kwamba asipoguswa na kugusa mapema, ataizoea imani hiyo kama watu wanavyozoea kutembea na kigimbi kinachouma.

Lazima nieleze habari ya kukaa kando. Sisi ni Wairaqw, na wazee wetu walikuwa na desturi kwamba nyumba iliyopatwa na kifo cha namna fulani, cha mtoto hasa, inajitenga kwa muda. Hamwingii kwa jirani, jirani haingii kwenu. Ng'ombe wenu hawanywi maji na ng'ombe wa wenzenu. Hamshikani mikono na mtu wa nje. Hata njia ya kupita mnachagua. Siku hizi wengi wameacha. Padre wetu amekwisha kusema altareni kwamba ni mambo ya giza. Mama yangu, ambaye ni bibi wa watoto hawa na ndiye mwenye mji, humsikiliza padre katika kila jambo isipokuwa hili. Siku ya pili baada ya maziko alisimama uani akasema sasa tunakaa kando, naye kaka yangu, mwenye mke na watoto, mwanaume mzima anayeendesha trekta la watu, akaitikia, "Sawa mama."

Mimi sikuitikia. Nilimfuata jikoni.

"Mama, watoto wanaenda shule. Huko wanakaa dawati moja na wenzao. Inakuwaje?"

"Shule ni sheria."

"Na dukani? Nikinunua sukari, hela inatoka mkono wangu inaingia mkono wa mwenye duka."

"Hela ni ya serikali."

"Kwa hiyo serikali haiambukizwi?"

"Wewe," akasema, akigeuza ugali, "walikusomesha kuuliza, hawakukusomesha kunyamaza. Pisha moshi."

"Na kanisani?"

"Tutakaa benchi la nyuma."

Kweli tukakaa benchi la nyuma, peke yetu, na wakati wa kupeana amani majirani waligeuka wakatupungia mikono kwa mbali. Nilitazama wale watu wote wazima wakipunga kama wanaomuaga mtu anayepanda basi. Nilitegemea kukasirika. Nilijisikiliza kama mtu anavyosikiliza iwapo redio imewaka, na hakukuwa na kitu.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa kipindi kile. Kwenye mazishi sikulia. Nilipika chai ya watu wengi, niliosha masufuria, nilimfunga wifi yangu kanga mpya kiunoni kwa sababu yeye mikono haikuwa na nguvu, na usiku nililala usingizi mzito. Nilijiuliza maswali mengi tu: kwa nini kituo cha afya hakikuwa na dawa, kwa nini homa ya mtoto inakimbia kuliko pikipiki, kwa nini tunaimba wimbo wa furaha kaburini. Maswali yalikuja yakiwa baridi, yakaondoka vilevile.

Na niseme lililo kweli ingawa halinipendezi: kukaa kando kulikuwa na nafuu yake. Hakuna aliyekuja kumwuliza wifi ilikuwaje. Majirani walileta maziwa kwenye vibuyu na mitungi, wakaweka penye lango, wakapiga hodi kwa mbali na kuondoka. Wifi ametoka Gehandu, kwao hawana desturi hii, na nilidhani yeye ndiye angepinga kwanza. Nilimwuliza. Alikuwa amelala kaangalia ukuta. Akasema, "Niache. Angalau siangaliwi." Basi hoja zangu nikazikunja.

Ila hakuna aliyewaeleza watoto. Mkubwa alipewa makatazo tu: usimshike yule, usiingie pale. Akayajumlisha mwenyewe.

Jumamosi zilianza kwa kaka. Asubuhi moja aliniambia, "Wewe huna kazi. Wapeleke hawa watoto mjini, mama yao apumzike." Kuhusu kutokuwa na kazi alisema kweli, kwa hiyo sikubishana. Nikamwuliza mama kama mjini kunaruhusiwa.

"Mjini ni watu wa kila mahali," akasema. "Hakuna anayemjua mwenzake."

Niliona tundu kubwa katika hoja hiyo. Kama tuna madhara, tuna madhara hata kwa wasiotujua. Lakini tundu lile lilikuwa ndiyo njia yetu ya kutokea, nikaliacha wazi.

Ukiwa na watoto wawili na mfuko mtupu, Mbulu mjini inatosha asubuhi nzima. Tulianzia stendi, tukakaa kwenye ukuta mfupi kutazama mabasi madogo yakioshwa. Mdogo alipenda sana maji yanayotoka meusi chini ya gari. Huyo mtoto alikuwa amefundishwa shikamoo karibuni na hakuwa amefundishwa mipaka yake. Aliwaamkia makondakta, akawaamkia wapiga debe waliomjibu "Marahaba babu!", akamwamkia mbuzi aliyefungwa juu ya basi. Kwenye mitumba palikuwa na sanamu la kuvalisha nguo, jeupe, halina kichwa. Akasimama mbele yake kwa adabu.

"Shikamoo."

Muuza nguo akajibu kwa sauti nyembamba kutoka nyuma ya gauni, "Marahaba mjukuu wangu, bibi yako nina baridi, ninunulieni koti."

Mtoto akaruka. Watu wakacheka. Dada yake hakucheka. Alisimama pembeni, viganja ndani ya sweta, kama askari anayelinda kitu. Mama mmoja wa viazi alitaka kumpa karoti akasogea nyuma mpaka yule mama akaiweka juu ya gunia. Ndipo akaichukua.

Nilijaribu kwa njia ninazozijua. Nilimweleza habari za vijidudu, kwamba havionekani, kwamba mtoto aliugua kwa sababu yao. Akasikiliza, akauliza, "Vinakaa mikononi?" Nikasema wakati mwingine ndiyo. Nilipoona anavyotazama sweta lake nilitamani kuyameza maneno. Jumamosi iliyofuata nilimshika mkono kwa nguvu, nikasema, "Unaona? Mimi nimekushika, mimi sijafa." Alingoja nimwachie. "Wewe ni mkubwa," akasema.

Nyuma ya soko kuna hoteli ya chakula yenye uwanja wa nyasi na bembea mbili za tairi. Ukinunua hata chai moja, watoto wanacheza. Nilinunua chai. Mdogo akapanda tairi la kwanza kwa tumbo, akawa anaogelea hewani. Kwenye tairi la pili alikuwa amekaa msichana mdogo aliyevaa ushungi wa njano na ndala za mtu mzima. Alikuwa peke yake, na alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja.

"Wewe! Njoo unisukume!"

Wa kwetu, yule mkubwa, hakusogea.

"Wewe wa sweta! Huna mikono?"

"Ninayo."

"Iko wapi? Sijaiona."

"Siwezi kukushika. Kwetu kuna msiba."

"Uko wapi? Nionyeshe."

Hilo lilimshinda. Alinitazama, nikainua kikombe nikanywa.

"Mdogo wangu alikufa," akasema hatimaye. "Nikikushika na wewe utakufa."

Yule wa bembea akafikiri. Alikuwa na umri wake au pungufu kidogo, na alifikiri haraka.

"Basi nisukume na mguu."

Sijui nikiishi miaka mingine mingapi nitapata wazo zuri kama lile. Wa kwetu akalipima, kisha akavua kiatu. Hilo la kuvua kiatu sikulielewa. Akainua mguu, akasukuma tairi. Tairi likaenda, likarudi. Akasukuma tena. "Zaidi! Wewe vipi, hujala?" Akasukuma zaidi, na mara ya nne au ya tano tairi lilirudi limepinda, na unyayo wake ukatua katikati ya mgongo wa yule mtoto. Ulitua sawasawa, kwa muda wa kutosha kwa wote wawili kuusikia.

"Teena!" akapiga kelele yule wa ushungi, akienda juu.

Wa kwetu alikuwa amekwisha kuvaa kiatu. Alirudi akakaa karibu na kiti changu. Baadaye mtu aliita kutoka upande wa maduka, yule mtoto akateremka, akakimbia akiburuza ndala zake bila kuaga.

Tulipokuwa tunapanda kurudi nyumbani akaniuliza, "Shangazi, atakufa lini?"

"Hafi."

"Yule alikufa baada ya siku ngapi?"

Nikaongeza mwendo. Wiki nzima aliendelea kuuliza kwa namna mbalimbali. Je, wa mjini wakifa tunaletewa habari? Je, mguu ni sawa na mkono? Nilimwambia Jumamosi tutakwenda atamwona kwa macho yake, yuko hai, anapiga kelele. Nilisema bila kufikiri. Ni baadaye tu, nikichota maji, nilipoona nimefanya nini. Nilikuwa nimeweka neno langu lote juu ya mgongo wa mtoto nisiyemjua. Mimi, niliyefundishwa kwamba mfano mmoja hauthibitishi kitu. Watoto huugua. Angeweza kuwa na mafua tu, angeweza kuwa amesafiri. Chochote kingetosha.

Jumamosi bembea zilikuwa tupu.

Nikanunua chai, tukangoja. Mdogo akaogelea kwenye tairi lake mpaka akachoka. Wa kwetu hakuniuliza lolote, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Alikuwa ametulia kama mtu aliyeletewa jibu alilolitarajia. Nikamwuliza mhudumu kama anamjua msichana wa ushungi wa njano.

"Wako wengi. Jumamosi wengine wanakuwa madrasa. Angalieni kule madukani."

Basi tukaanza kumtafuta mtu tusiyejua jina lake wala la wazazi wake. Tulipita safu ya mafundi cherehani. Mmoja akasema mtoto wa namna hiyo huja kuomba vipande vya vitambaa, leo hajaja. Tukapita kwa wauza magodoro. Mdogo aliwaamkia wote, na ilisaidia, maana watu humjibu mtoto wa shikamoo hata kama wana haraka. Muuza ndala akasema, "Yule mwenye mdomo? Mtoto wa duka la vyombo. Sijamwona leo. Jana pia." Nilimtazama wa kwetu. Alikuwa ameyasikia yote mawili, leo na jana.

"Turudi nyumbani," akasema.

"Tumekaribia."

"Shangazi, turudi."

Ningeweza kurudi. Nilifikiri kwamba kama huko mbele kuna habari mbaya, ni heri asiisikie, na kwamba tukirudi sasa ataiamini habari mbaya hiyohiyo maisha yake yote. Nilipima kama mtu anayepima unga. Kisha nikamchukua mdogo begani na kutangulia, nikijua dada yake hataachwa nyuma katika mji.

Duka la vyombo lilikuwa na kibaraza cha saruji, na sufuria zilizoning'inia zikigongana kwa upepo. Mama mwenye duka alikuwa ameketi kwenye kigoda. Miguuni mwake, chini kwenye mkeka, yule mtoto alikuwa amelaza kichwa juu ya paja la mama yake, ushungi umevuliwa, macho yamefumbwa, analia kwa sauti ndogo ya kuishiwa.

Wa kwetu akasimama chini ya ngazi.

"Anakufa?" akauliza, kwa sauti iliyowafanya wateja wawili wageuke.

"Nani anakufa?" mama mwenye duka akasema. "Huyu? Huyu anaogopa kitana. Tangu juzi ananikimbia, leo nimemkamata." Akamgonga kidogo kwa kitana begani. "Kaa vizuri wewe, watu wanakuona."

Mtoto akafumbua jicho moja. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umesukwa mistari, upande wa pili umesimama kama kichaka. Akamtazama wa kwetu kwa ghadhabu.

"Mwambie aniache," akamwamuru.

"Shikamoo," mdogo akasema kutoka begani kwangu.

"Marahaba baba. Karibuni. Mnatafuta sufuria?"

Nikaanza kueleza, nikaeleza vibaya, kwamba watoto walicheza pamoja wiki iliyopita, kwamba tulikuwa tunapita. Mama mwenye duka alikuwa anaitikia huku akipambana na kichwa kinachogeuka. "Mwenyezi Mungu kakuleta basi," akamwambia wa kwetu. "Wewe ni rafiki yake? Njoo unishikie hiki kichwa, mwenyewe nina mikono miwili tu. Kaa hapo mbele, shika huku na huku."

Nilifungua mdomo. Nilitaka kumsemea, nitafute sababu, mtoto ana mafua, tuna haraka. Yeye akawahi.

"Siwezi. Kwetu tumekaa kando," akasema. "Mdogo wetu alikufa. Bibi amesema tusishike watu." Kisha akaongeza, kwa kuwa ni mtoto mkweli, "Na huyu nilimgusa na mguu."

Mama mwenye duka akasimamisha kitana. Amekaa Mbulu muda mrefu, si mgeni wa desturi zetu. Niliona usoni mwake kwamba ameelewa yote. Akanitazama mimi, nikaitikia kwa kichwa. Sufuria ziligongana juu yetu. Hapo moyo wangu ulikuwa unapiga, nikaushangaa.

"Poleni sana," akasema. "Mungu awape subira. Mama yenu hajambo?"

"Analala," akasema wa kwetu.

"Atalala, kisha ataamka." Akachovya kidole kwenye kopo la mafuta. "Bibi yako asikilizwe, huko nyumbani kwake. Hapa ni kwangu, na mimi ndiye ninayekuomba. Na huyu ulimgusa lini?"

"Jumamosi ile."

"Na tangu hapo amekula ugali wangu wote na wa baba yake. Haya, shika, jua linapanda."

Wa kwetu alisimama pale muda mrefu. Sikumsukuma. Nilijua kwamba hakuna kilichothibitishwa, kwamba ningekuwa mahali pake ningeuliza maswali mengine kumi. Yeye hakuuliza. Alipandisha mikono ya sweta, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto, mpaka kwenye viwiko. Akapiga magoti kwenye mkeka, akaweka viganja juu ya mashavu ya yule mtoto kama mtu anayeshika chungu akiwa hajui kama ni cha moto.

"Kaza," mama mwenye duka akasema. "Ukilegea ataponyoka."

Akakaza. Kitana kikaingia kwenye kichaka, kilio kikaanza upya, na kichwa kikajaribu kwenda kushoto, lakini hakikwenda. Nilimteremsha mdogo, nikakaa kwenye ngazi ya kibaraza. Wateja waliendelea kugonga sufuria kwa vidole kusikia kama ni nzito. Mstari wa kwanza ukaisha, ukaanza wa pili. Mama mwenye duka alipoinuka kumhudumia mtu, alisema, "Mwachie kidogo apumzike," lakini wa kwetu hakumwachia.

"Unaniziba masikio," yule mtoto akalalamika.

"Tulia," wa kwetu akamwambia. "Bado upande huu."